Redio imekufa, au imekosa athi? Kutafuta kosa la redio na spika kwenye dashibodi ya gari la njia mbovu

Gari likiingia uwanjani kwetu hapa Arua, Uganda, likitokea makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, vumbi jekundu limejaa hadi kwenye kioo cha saa, dereva hushuka na neno moja: "Fundi, redio imekufa." Siigusi redio. Naingiza mkono nyuma yake kwanza. Mara nyingi redio ni nzima, na kilichokufa ni kiungio cha waya kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu, au athi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye minus ya betri kupitia chuma cha gari, iliyokazwa juu ya rangi, au plagi iliyochomoka kwa sababu redio inaning'inia bila kushikwa kwa nyuma.

Mzee mmoja aliwahi kuniletea Land Cruiser ya mlango mfupi akasema hiyo ni redio ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Nikamuuliza, "Mzee, zile mbili za mwanzo ziko wapi?" Moja alimpa mtoto wa dada yake, ya pili ilikuwa chini ya kiti. Niliitoa ile ya chini ya kiti, nikaiunga na betri mezani, ikaimba vizuri kabisa. Waya mweusi wa athi ndani ya gari lake ulikuwa umefungwa kwenye skrubu inayoshika kipande cha plastiki. Plastiki haipitishi umeme. Redio ilikuwa ikipata athi kwa kuibia kupitia waya wa antena, na kila antena ilipolegea, redio "ilikufa". Mzee alikuwa ametoa pesa yake mara tatu kwa sababu ya skrubu moja. Jambo hilo liliniuma, ndiyo maana nayaandika haya. Kabla hujanunua nyingine, pima.

Nafuata malalamiko kama madereva wanavyoyatamka. Vifaa ni vichache: mita ya umeme, balbu ya indiketa ya wati 21 iliyochomelewa waya mbili, waya mrefu wa mita tatu hivi wenye klipu kila upande, na betri ndogo ya tochi ya volti 1.5. Kama gari lako ni la miaka ya karibuni na lina mifuko ya hewa ya ajali, vua kwanza waya wa minus kwenye betri, subiri dakika kadhaa, na plagi za njano zilizo nyuma ya usukani na mbele ya abiria usiziguse kwa balbu wala kwa mita. Umeme wa balbu ya kujaribia unaweza kuufyatua mfuko usoni mwako.

Kuhusu rangi. Redio zinazouzwa madukani nyingi hufuata mpango mmoja: njano ni umeme wa kudumu, unaotunza kumbukumbu, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa, nyeusi ni athi, bluu ni ya antena yenye umeme, bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya, ya chungwa ni ya mwanga wa usiku. Spika ya mbele kushoto ni nyeupe, mbele kulia kijivu, nyuma kushoto kijani, nyuma kulia zambarau, na ile yenye mstari mweusi ndiyo minus yake. Hizo ni rangi za redio. Waya za gari hazifuati mpango huo hata kidogo. Fundi anayeunga njano kwa njano kwa sababu zinafanana anacheza kamari na gari la mtu.

"Haiwaki kabisa"

Anza na fyuzi iliyo mgongoni mwa redio, kisha ya kwenye boksi la gari. Kwenye magari mengi fyuzi ya redio ndiyo hiyo hiyo ya kiberiti cha sigara, na siku hizi kiberiti hakiwashi sigara, kinachomekwa chaja za simu tatu, tochi na friji ndogo ya watalii. Kwa hiyo muulize dereva nini kilichomekwa jana.

Fyuzi ikiwa nzima, pima waya wa njano: injini ikiwa imezimwa unatakiwa kuona karibu volti 12.6 kwa betri iliyojaa. Geuza ufunguo hatua ya kwanza, pima nyekundu, uone namba ileile.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mita inasoma volti 12, fundi anasema umeme upo, kwa hiyo redio ni mbovu. Lakini mita haivuti umeme wowote wa maana. Kiungio kilicholiwa na kutu, kilichobaki na uzi mmoja wa shaba, kitaionyesha mita volti 12 kamili. Mara redio inapoomba ampia mbili, volti zinaanguka hadi nne. Ndiyo maana nabeba balbu ya indiketa. Iunge kati ya waya za gari zinazokuja kwenye njano na nyeusi za redio. Ikiwaka kwa nguvu, njia ni nzima. Ikiwaka kama kaa la moto linalozimika, kuna kiungio kinachokudanganya mahali fulani.

Kisha chukua waya wako mrefu: klipu moja kwenye minus ya betri, nyingine kwenye waya mweusi wa redio au kwenye bati la mwili wake. Ikifufuka papo hapo, umemaliza kutafuta. Ni athi. Unaweza kuhakikisha kwa mita: redio ikiwa inaimba, weka ncha moja kwenye waya mweusi na nyingine kwenye minus ya betri. Zaidi ya volti 0.2 hivi, athi hiyo haifai.

Athi nzuri haihitaji kitu cha ajabu. Tafuta bolti inayoingia kwenye chuma cha bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka kishikio cha duara kilichobanwa kwa koleo lake, pete ya washa yenye meno, kaza, kisha paka grisi juu ili unyevu usirudi. Kwenye Land Rover Defender kuwa mwangalifu zaidi: mabati yake ya nje ni ya alumini, na alumini ikikutana na chuma mahali penye maji huota ungaunga mweupe usiopitisha umeme. Ukuta wa mbele unaotenga injini na abiria ni wa chuma. Funga athi huko, au vuta waya hadi kwenye minus ya betri yenyewe, uwe na amani.

Kosa jingine la kundi hili ni fyuzi inayokatika kila mara. Usiweke kubwa zaidi. Fyuzi ya 10 ikikatika ukaweka ya 30, kitakachokatika safari ijayo ni waya, na waya hukatika kwa moto. Muulize dereva ilikatika akifanya nini. Akisema "nilipowasha waipa," tazama mikono ya waipa nyuma ya dashibodi. Kwenye magari haya ya zamani mikono hiyo hupita karibu sana na nafasi ya redio, na waya uliolegea husagwa kidogo kidogo mpaka shaba inaguswa.

"Inawaka, lakini nikiruka shimo inazima"

Kwanza tutenge jambo moja: redio ikizima unapopiga starta na kurudi injini ikishika, hilo si kosa. Swichi nyingi za ufunguo hukata umeme wa redio wakati wa starta ili betri isaidie injini. Kosa ni ile inayozima kwenye mashimo, kwenye barabara iliyojikunja kama bati, kisha ikarudi yenyewe ukifika lami ya mjini.

Chanzo cha kwanza ni jinsi ilivyoshikwa. Redio ya kimo kimoja ina uso wa milimita 180 kwa 50. Ya kimo cha mara mbili ni 180 kwa 100. Toyota nyingi zina tundu la milimita 200 kwa 100. Ukiweka redio ya 180 kwenye tundu la 200, unabaki na pengo la milimita 10 kila upande, na fundi wa haraka huliziba kwa vipande vya kadibodi au sponji ya godoro. Kwenye lami ya Kampala itakaa. Kwenye murramu, barabara ya udongo mwekundu, sponji inasagika ndani ya wiki chache na redio inaanza kupiga kichwa. Fremu ya kuzibia pengo ipo, wauza vipuri wa Kisekka na Ndeeba kule Kampala wanaziuza, na ni afadhali kuinunua kuliko kuchonga plastiki ya dashibodi ambayo haitarudi.

Lakini fremu ya mbele peke yake haitoshi, na hapa ndipo ningependa kila fundi kijana asimame kidogo. Redio hushikwa mbele na vile vijimeno vya kibati chake, nyuma ikabaki hewani. Gari likigonga shimo, mgongo wa redio unashuka na kupanda kama mkia. Vijimeno vinalegea, plagi inavutwa, na ndani ya redio vipande vizito vinaanza kupasua risasi iliyovichomelea. Mgongoni mwa redio nyingi kuna bolti fupi au tundu la skrubu lililowekwa kwa kazi hiyo. Funga kipande cha bati kutoka hapo hadi kwenye chuma cha dashibodi. Bati lenye matundu linauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na mafundi wa bati wa Katwe, Kampala, watakukunjia lolote utakalowachorea. Weka kipande cha mpira wa tairi la ndani kati ya bati na chuma ili lisilie. Kazi ya dakika ishirini hiyo, nayo ndiyo inayotofautisha redio ya miaka na redio ya miezi.

Redio zenye skrini kubwa inayochomoza nje ya tundu ndizo zinazoumia zaidi, maana uzito wote uko mbele na mtikisiko unauzidisha. Kwa gari linalokwenda mbuga ya Kidepo kila wiki, mimi nashauri redio ya kimo kimoja, fupi, isiyo na mtambo wa CD. Mtambo wa CD una lenzi inayoelea juu ya springi; vumbi na mtikisiko ni adui zake wawili, na sisi tunavyo vyote.

Chanzo cha pili ni viungio. Waya uliosokotwa na kufungwa tepu unaonekana mzima siku ya kwanza. Dashibodi likipigwa na jua la saa nane, gundi ya tepu inayeyuka, tepu inateleza, waya unabaki uchi. Kuchomelea risasi ni bora, ila risasi hupanda ndani ya nyuzi za shaba na kuzifanya ngumu, na mahali ugumu unapoishia ndipo mtikisiko unapokatia. Kwenye magari haya nabana viungio kwa vifuniko vyake na koleo lake, navuta kwa nguvu kupima, navisha mpira unaosinyaa kwa joto, kisha nafunga furushi zima kwenye chuma ili lisicheze. Waya usiocheza haukatiki.

"Kila asubuhi inasahau stesheni"

Njano na nyekundu zimebadilishana. Zigeuze. Kwenye baadhi ya magari ya Ulaya plagi ya gari na ya redio zinaingiliana vizuri lakini nafasi za waya hizo mbili zimepishana, kwa hiyo usidhani plagi iliyoingia ni plagi iliyo sahihi.

Magari ya mashirika yana sababu nyingine: swichi kuu ya betri. Dereva akiegesha jioni anaizima, kama alivyoagizwa, na redio inapoteza kila kitu. Vuta waya wa njano kutoka upande wa betri wa swichi hiyo, na fyuzi yake iwe karibu kabisa na betri, si mwisho wa safari kule kwenye redio. Waya usio na fyuzi unaopita kwenye tundu la bati kuingia ndani, bila mpira wa kulinda tundu, ni moto unaosubiri.

Na onyo kwa wenye magari yaliyotoka Japani yakiwa na redio zao zenye ramani: nyingi hujifunga betri ikivuliwa. Ukirudisha umeme zinakuandikia Kijapani, zikidai kadi ya ramani au namba ya siri. Kabla fundi hajavua betri kwa kazi yoyote, hata ya kubadilisha altaneta, mwambie.

"Nikilala siku mbili betri haipigi starta"

Hili ni kinyume cha lile la juu. Mtu aliunga njano na nyekundu pamoja kwenye umeme wa kudumu ili redio iimbe bila ufunguo. Redio ikizimwa kwa kitufe haizimi yote. Mbaya zaidi ni amplifaya iliyoamshwa kwa waya wa kudumu: ikikaa macho usiku kucha bila kutoa sauti yoyote inaweza kula karibu ampia 1, na usiku wa saa 12 ni ampia-saa 12 zilizopotea bure.

Kupima ni rahisi. Zima kila kitu, funga milango, vua minus ya betri, weka mita kwenye ampia kati ya minus na waya wake. Subiri kidogo vifaa vilale. Chini ya miliampia 50 ni kawaida kwa gari kama hili. Zaidi, toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usijaribu kupiga starta mita ikiwa hapo; utaua fyuzi ya mita.

Land Cruiser za dizeli zenye betri mbili

Hizi zinahitaji maneno yake. Baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli zilizotoka Japani zinatumia volti 24, betri mbili zimeungwa kwa kufuatana. Redio ya volti 12 ikipewa 24 hufa kweli, na hapo hakuna fundi wa kuifufua kwa maneno. Lakini uwepo wa betri mbili haumaanishi volti 24. Nyingine zimeungwa sambamba na kubaki 12. Pima kwa mita plus ya kwanza na minus ya mwisho, kisha uamini namba.

Njia ya mkato inayopendwa ni kuvuta umeme wa redio kutoka betri moja tu. Inaimba, ndiyo. Lakini betri hiyo inatumika na mwenzake hatumiki, na altaneta inazichaji zote mbili kwa mkondo mmoja. Iliyotumika haijai, isiyotumika inachemshwa kupita kiasi, na baada ya miezi unanunua betri mbili kwa ajili ya redio moja. Dalili yake: betri moja maji yanakauka haraka, nyingine haijai kamwe. Weka kishusha volti kutoka 24 hadi 12 chenye uwezo wa kubeba angalau ampia 10 bila kuchoka, ukifunge mahali penye hewa, mbali na redio na waya wa antena. Vile vidogo vya bei ya chini huleta kelele kwenye FM. Ukitaka kujua kama ndicho kinacholeta kelele, iunge redio kwa muda mfupi na betri ya pembeni ya volti 12. Kelele ikitoweka, umempata.

"Kuna mluzi unaopanda na injini"

Ukikanyaga mafuta mluzi unapanda, ukiachia unashuka: huo ni wimbo wa altaneta. Jaribu kwanza kwa masikio. Punguza sauti hadi sifuri. Mluzi ukipungua pamoja na sauti, unaingia kabla ya redio: kwenye waya wa simu, chaja, au antena. Chomoa chaja ya simu kwanza, maana mara nyingi ndiyo mkosaji. Mluzi ukibaki palepale hata sauti ikiwa sifuri, unaingia baada ya redio, kwenye nyaya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, au kwenye amplifaya yenyewe.

Tiba ya kawaida ni athi tena. Redio ikiwa na athi yake hapa na amplifaya athi yake kule nyuma kwenye skrubu ya kiti, volti kidogo hutembea kati ya hizo mbili kupitia nyaya za RCA na kuwa kelele. Zipe athi ya pamoja, au zote zipeleke kwenye chuma kisafi. Nyaya za RCA zipite upande mmoja wa gari, waya mnene wa umeme upande wa pili. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja.

Vichujio vinavyouzwa kuziba mluzi sivipendi. Vinaficha kosa, na kosa lililofichwa linaendelea kula.

Magari yenye redio za mawasiliano za masafa marefu yatapata mkwaruzo dereva akibonyeza kipaza sauti kuita kituo. Tenga antena na nyaya zake mbali na za muziki, na ukubali kwamba kidogo kitabaki.

"Sauti haina besi", "spika moja imenyamaza", "redio inazima nikiongeza sauti"

Malalamiko matatu, na nayaweka pamoja kwa sababu mara nyingi ni mkono uleule ulioyafanya.

Sauti nyembamba isiyo na besi ingawa spika ni nzuri: spika moja imegeuzwa plus na minus. Moja inasukuma hewa, nyingine inavuta, besi zinauana katikati ya gari. Chomoa waya za spika kwenye redio, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5 kwa sekunde moja. Plus kwa plus, koni, ule uso wa spika unaotikisika, inaruka kwenda nje. Ikirudi ndani, imegeuzwa. Fanya kwa kila spika uweke alama.

Redio inayojizima au kuandika neno la kujilinda ukiongeza sauti: tafuta minus ya spika iliyogusa bodi. Kwenye magari ya zamani mafundi wa kiwandani walikuwa wakipeleka waya mmoja tu kwa spika na minus ikaenda kwenye bodi, na redio za wakati ule zilikubali. Redio za leo haziwezi. Waya zote mbili za spika hubeba umeme wa sauti, kwa hiyo ukiipeleka moja kwenye bodi unaunguza kipande cha kutoa sauti ndani ya redio, papo hapo au baada ya siku chache. Weka mita kwenye omu, plagi ya spika ikiwa imechomolewa: kati ya kila waya wa spika na bodi kusiwe na njia yoyote. Ukipata njia, vuta waya mpya wa nyuzi mbili kwenda kila spika. Usijaribu kuokoa ule wa zamani, hasa unaopita kwenye bawaba za mlango, mahali ambapo waya hukatika ndani ya ganda lake bila kuonekana.

Pia pima spika yenyewe. Spika ya omu 4 husoma kama 3 na nusu kwenye mita. Ukizifunga mbili sambamba kwenye njia moja ya redio unapata omu 2, na redio nyingi zimetengenezwa kwa omu 4 hadi 8. Ukitaka spika nyingi, nunua amplifaya.

Na usiyaamini maandishi ya usoni. "50W x 4" ni kilele cha mara moja; uwezo wake wa kuimba mfululizo ni kama wati 17 hadi 22 kwa kila njia. Ukiilazimisha zaidi ya hapo sauti inakatwa vichwa, na sauti iliyokatwa ndiyo inayoua spika ndogo za juu. Kwenye hadtopu, gari la paa gumu, yenye kelele ya dizeli na matairi ya udongo, spika nyepesi kusukumwa na iliyofungwa vizuri itasikika kuliko kubwa iliyofungwa ovyo.

Kufungwa vizuri ni nini? Spika inataka kukaa kwenye kitu kigumu, na hewa ya mbele isikutane na ya nyuma. Plastiki nyembamba ya dashibodi inatetemeka nayo na kuila besi. Kata pete ya plaiwudi ya milimita 12, ipake rangi isinywe maji, ifunge kwenye chuma, kisha spika juu yake, na sponji laini pembeni kuziba. Kabla hujakata chochote, pima kina: nyuma ya dashibodi kuna mabomba ya hewa, mlangoni kuna kioo kinachoshuka. Shusha kioo hadi chini kabisa ndipo upime. Kama nafasi ya dashibodi ni ndogo, usiichonge. Tengeneza kisanduku chembamba chini ya dashibodi, upande wa miguu ya abiria, mbali na pedali.

"Stesheni hazishiki"

Muulize dereva gari lilitoka wapi. Japani FM yao ilikuwa megahezi 76 hadi 90, na redio zao za karibuni hufika 95. Yetu inakwenda 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio ya zamani ya Japani hapa Arua haiifikii hata Radio Pacis kwenye 90.9, na Kampala haiioni Capital FM kwenye 91.3. Redio haijaharibika; haina namba hizo. Kile kifaa kidogo kinachowekwa kwenye waya wa antena hushusha masafa: cha megahezi 14 kitakuletea 90.9 kwenye 76.9, na 94.5 kwenye 80.5. Lakini stesheni za chini ya 90 zinaanguka nje, na za juu ya 104 hazifikiwi. Ni tiba ya muda.

Kuna dalili nyingine inayowachanganya watu sana. Redio mpya ya dukani inashika 91.3 na 93.3 safi, lakini CBS ya 88.8, Sanyu ya 88.2 na Radio One ya 90.0 zinakwaruza. Fundi anabadilisha antena bure. Tatizo ni mpangilio wa eneo: redio imewekwa Marekani, ambako stesheni huruka kwa 0.2 na kutua kwenye desimali zisizogawanyika kwa mbili tu, 88.7, 88.9, 91.3. Ingia kwenye mipangilio, chagua Ulaya, tafuta upya.

Namba zikiwa sawa na bado haishiki, ndipo utazame antena: shina lake liguse bodi kwa chuma kisafi, plagi iingie hadi mwisho, na kama antena ina kikuzaji, waya wa bluu upate umeme. Balbu za LED za bei ya chini pia hutoa kelele. Zizime moja moja ukisikiliza.

Vumbi, maji, na mlio wa dashibodi

Mlio wa plastiki hutafutwa kwa mkono: mwenzako aendeshe pole pole kwenye barabara mbovu, wewe ubonyeze sehemu moja moja mpaka unyamaze. Weka kitambaa cha sufu au sponji nyembamba mahali hapo. Usiweke gundi, siku moja mtu atahitaji kuifungua.

Vumbi linaingia redioni kutoka nyuma, si mbele, hasa gari lenye matundu ya zamani kwenye ukuta wa injini. Ziba matundu hayo kwanza. Usiifunike redio kwa plastiki, itachemka.

Kuhusu maji: msimu wa mvua, milango ya magari yanayovuka vijito hujaa unyevu hata kama kioo kimefungwa. Spika yenye koni ya karatasi huvimba na kuanza kukwaruza upande mmoja. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vilivyotandazwa pande zote kwa usawa. Ukisikia mchanga ndani, haiponi, badilisha na yenye koni ya plastiki na pete ya mpira. Kabla ya kufunga mpya, kata kipande cha mpira ukiweke kama mwavuli juu ya mgongo wake ili maji yanayoteremka kwenye kioo yapite nje, na hakikisha matundu ya kutolea maji chini ya mlango hayajazibwa na matope. Nimefungua milango iliyokuwa na maji ya kujaza kikombe.

Baada ya safari ya kwanza ya njia mbovu, rudisha gari au ufungue mwenyewe: kaza tena bati la nyuma na bolti ya athi. Mpira na rangi hujikalia, na bolti iliyokuwa ngumu jana inaweza kuzunguka kwa vidole leo.